Maumivu ya chini ya mbavu za kulia: mwongozo kamili wa kuufuatilia ugonjwa wa nyongo mpaka ujulikane

Mama mmoja wa upande wa Micheweni alipanda kitanda cha ultrasaundi mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa ameshakunywa chai ya maziwa na andazi, "dogo tu, mwanangu". Mara ya pili andazi aliliacha, chai akainywa. Mara zote mbili alirudishwa, na kila safari ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba imepotea. Mara ya tatu alikuja na njaa yake, na vijiwe vya nyongo vikaonekana. Miaka minne alikuwa akimeza dawa za vidonda vya tumbo.

Miaka mingi kazi yangu imekuwa kukaa mlangoni pa chumba hicho hapa Pemba, kuita majina na kuuliza, "Umekula?" Ninayoyaandika ni yale ambayo watu huyakosea kila siku. Sikufundishi kujitibu. Nakufundisha kuufikisha ugonjwa mbele ya daktari ukiwa unaonekana.

## Wasiotakiwa kuendelea kusoma

Ukiwa na mojawapo ya haya, funga simu uende hospitali sasa hivi, hata iwe usiku wa manane:

- Maumivu ya juu ya tumbo yaliyokaa zaidi ya masaa 6 bila kukoma.
- Homa na kutetemeka, pamoja na macho kuwa manjano. Hii ni dalili ya usaha katika mrija wa nyongo, na unaua haraka.
- Maumivu yanayotoboa mpaka mgongoni, na kutapika kusikokoma. Huenda kongosho limewaka.
- Tumbo gumu kama ubao, kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
- Mtu mzima, hasa mwenye sukari au presha, anayebanwa chembe cha moyo huku akitoka jasho la baridi. Huyu apimwe moyo kwanza, nyongo ingoje.
- Mjamzito aliyepita wiki 20 anayeumwa juu ya tumbo upande wa kulia. Inaweza kuwa presha ya mimba imefika kwenye ini. Asiambiwe "ni mtoto anakusukuma".

Waliobaki, tuendelee.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la skuli na kalamu.
- Mfuko mmoja wa plastiki wa kuwekea karatasi zako zote za zamani: majibu ya maabara, picha, vyeti vya dawa, hata vilivyochakaa.
- Pakiti au vikaratasi vya dawa zote unazotumia, za hospitali na za dukani. Za mganga pia. Usizifiche.
- Kipimajoto.
- Kitambulisho, kadi ya bima ya afya ya ZHSF kama unayo, na fedha za kipimo kama huna.
- Mtu mmoja wa kwenda naye, anayekujua na asiyekuonea haya.
- Chakula cha kula *baada* ya kipimo. Kiwekwe kwenye mfuko wa huyo mwenzako, kisiwe mkononi mwako.

## Hatua ya 1: Andika daftari kwa wiki mbili

Ukimwambia daktari "tumbo linaniuma", umemtajia magonjwa hamsini kwa mpigo. Ukimwonyesha daftari, yanabaki matatu au manne.

Kila maumivu yanapokuja andika: siku na saa, ulichokula mara ya mwisho na saa uliyokula, maumivu yalianzia wapi na yalikwenda wapi, yalikaa muda gani, na kama ulitapika au ulipata homa. Basi. Hivi ndivyo ukurasa mmoja ulivyokuwa, nimeunakili kwa ruhusa ya mwenyewe:

*Ijumaa. Biriani ya harusi, saa 8 mchana. Saa 3 usiku maumivu chembe cha moyo, yakahamia chini ya mbavu za kulia, kisha nyuma ya bega la kulia. Nikatapika mara mbili, sikupata nafuu. Saa 5 na nusu yakaisha yenyewe kama yaliyofungwa. Homa hakuna.*

*Jumatano. Samaki wa kukaanga na chapati usiku. Saa 6 za usiku niliamka. Pale pale, bega lile lile. Yalikaa muda wa saa moja na nusu.*

Tazama kinachojirudia. Chakula cha mafuta kimetangulia. Maumivu yanapanda, yanakaa nusu saa mpaka masaa machache, kisha yanaondoka, na baina ya siku hizo mtu ni mzima. Kutapika hakuyapozi. Huo ni mwenendo wa kijiwe kinachoziba mdomo wa kifuko cha nyongo kisha kikateleza nyuma.

Sababu ni hii. Ini hutengeneza nyongo mchana na usiku, na kifuko kidogo chini yake huiweka akiba, kiasi cha mililita 30 hadi 50. Mafuta yakiingia utumbo mdogo, mwili hukiamuru kifuko kikaze na kuimwaga. Kama kuna kijiwe mlangoni, kifuko hukaza dhidi ya mlango uliofungwa. Na bega? Mshipa wa fahamu unaopita jirani na hapo na ule wa bega vinatoka sehemu moja ya shingo, ndiyo maana ubongo unachanganyikiwa. Wangapi wamechuliwa bega kwa mafuta ya karafuu na ugonjwa uko tumboni!

Vidonda vya tumbo huandika daftari lingine: kuungua chembe cha moyo karibu kila siku, mara nyingi tumbo likiwa tupu, na chakula au dawa ya asidi hutuliza. Kiungulia kinachopanda kooni ukilala ni habari nyingine tena.

Onyo: usijitegee kwa kula biriani makusudi ili uone kama maumivu yatakuja. Wapo waliofanya hivyo.

Umefanikiwa kama: una angalau matukio mawili yenye saa ya kuanza na saa ya kumalizika. Ukipata moja tu na ni kali, usingoje la pili.

## Hatua ya 2: Tazama macho, mkojo na choo kwenye mwanga wa jua

Taa za ndani zinadanganya. Toka uwani asubuhi, mwenzako akuvute chini kope la chini na atazame weupe wa jicho pale ndani, kisha akwambie unyanyue ulimi atazame chini yake. Wengi wetu weusi, hasa wazee, tuna madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho, nayo si ugonjwa. Umanjano wa kweli huenea sawasawa na huonekana hata chini ya ulimi.

Mkojo mweusi kama chai ya rangi ilhali unakunywa maji ya kutosha, na choo kilichopauka kama chaki, vikija pamoja maana yake nyongo imezuiwa njiani. Rangi ya kahawia ya choo inatokana na nyongo. Isipofika utumboni, choo hupauka, na rangi hiyo hutafuta njia kwenye mkojo. Wengine huwashwa mwili mzima mpaka wakajikuna usiku.

Hapa nasimama kidogo kwa ajili ya watoto wachanga. Mtoto aliyepita siku 14 na bado ni manjano, na choo chake ni cheupe au cha rangi ya maziwa ya mgando, asianikwe juani na kuachwa. Kuna ugonjwa adimu ambao mirija ya nyongo ya mtoto huziba na kukauka. Upasuaji wake huleta tija zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafika siku 60. Siku hizo huyoyoma kwa maneno ya "ataacha mwenyewe". Funga choo chake kwenye nepi, upeleke pamoja na mtoto. Daktari akikiona kwa macho yake, hahitaji kuelezewa.

Na tusichanganye maneno: homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Macho kuwa manjano ni dalili, na sababu zake ni nyingi.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema bila kusita macho yako, mkojo wako na choo chako vina rangi gani.

## Hatua ya 3: Kituo cha afya, na damu inayofaa kupimwa

Anza kituo cha karibu. Mpe tabibu daftari kabla hujafungua mdomo. Mwache akubonyeze tumbo. Atakwambia uvute pumzi huku vidole vyake viko chini ya mbavu za kulia; ikiwa pumzi inakatika kwa maumivu, mwambie wazi, usijikaze kiume. Ile pumzi kukatika ni jibu, na ukiificha umelificha jibu.

Vipimo vya damu ambavyo kwa kawaida husaidia kwa maumivu ya namna hii:

- Picha kamili ya damu: chembe nyeupe zikipanda, kuna uambukizo.
- Bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo) ya jumla na ile ya moja kwa moja, pamoja na vimeng'enya vya ini, ALP na ALT. Kwa ufupi: bilirubini ya moja kwa moja na ALP zikipanda sana, shuku mrija wa nyongo umeziba; ALT ikiruka peke yake, shuku ini lenyewe, kwa mfano homa ya ini.
- Homa ya ini B na C.
- Lipesi au amilesi, vimeng'enya vya kongosho, kama maumivu yanakwenda mgongoni.
- Sikoseli, hasa kwa mtoto au kijana.
- Kipimo cha mimba kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Hatuulizi kwa kukushuku.

Sikoseli nimeiweka makusudi. Kwa mwenye ugonjwa huu chembe za damu huvunjika mapema, na taka zake huishia kwenye nyongo na kugeuka vijiwe vyeusi vidogo, wakati mwingine akiwa bado yuko skuli. Mtoto kama huyo macho yake yamezoea kuwa manjano kidogo, kwa hiyo usiulize kama ni manjano. Uliza kama *yamezidi* kuliko kawaida yake. Na maumivu ya tumbo yake yasiandikwe kila mara kuwa ni "mifupa imechachamaa".

Kisha kuna makosa mawili ambayo yananikera.

La kwanza ni taifodi. Taifodi ipo Pemba, sikatai. Lakini kile kipimo cha Widali cha mara moja hakithibitishi kitu, kwa sababu mtu aliyewahi kuugua au kuchanjwa anaweza kuonyesha. Mtu asiye na homa, mwenye maumivu ya bega na tumbo kila baada ya pilau, akitibiwa taifodi mara nne kwa mwaka, ni wakati wa kusimama na kuuliza.

La pili ni kipimo cha choo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, *H. pylori*. Ukipimwa huku unameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, unaweza kuambiwa huna ilhali unaye. Dawa hiyo isimamishwe wiki 2 kabla, na antibayotiki wiki 4 kabla, kwa kumuuliza daktari. Hakuna anayewaambia watu hili, kisha majibu yanapishana na mgonjwa anaonekana mwongo.

Jambo moja zaidi la kumwambia tabibu: kama uliwahi kuishi kanda ya Ziwa, Mwanza au kwengineko, na ukaoga ziwani, liseme. Kichocho cha visiwani kwetu ni kile cha mkojo. Kile kinachoharibu ini na utumbo kinapatikana huko, na tabibu wa Pemba hatakikumbuka usipomtajia.

Umefanikiwa kama: umetoka na majibu ya damu mkononi, yaliyoandikwa tarehe, na fomu ya kwenda ultrasaundi yenye maelezo, si neno "tumbo" peke yake.

## Hatua ya 4: Ultrasaundi

Hapa ndipo safari nyingi zinapovunjika, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Kwa nini njaa. Ukila, kifuko cha nyongo hukaza na kusinyaa. Kilichosinyaa hakina nafasi ya kuonyesha kijiwe, na ukuta wake huonekana mnene hata kama ni mzima. Juu ya hapo tumbo lililoshiba lina gesi, na mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye gesi. Maziwa ya kwenye chai yana mafuta. Ndiyo, hata kidogo. Ndiyo, hata ya unga.

Ratiba. Kwa miadi ya saa 2 asubuhi:

1. Mchana wa siku ya kabla, kula vyepesi. Urojo, maharage na mihogo ya kukaanga viache, vinajaza gesi.
2. Chakula cha mwisho saa 2 usiku, kisicho na mafuta. Wali mkavu na mchuzi mwepesi wa samaki, usio wa nazi, unatosha.
3. Baada ya hapo, maji matupu tu, kwa mafunda.
4. Asubuhi hakuna chai, sigara, ubani wa kutafuna wala tambuu. Kutafuna kunakumezesha hewa.
5. Dawa za presha zimezwe kwa funda la maji. Dawa za sukari na insulini *usitumie kwa mazoea* ukiwa na njaa. Muulize daktari siku moja kabla, na ukifika mlangoni sema una sukari ili uingizwe mwanzo.

Kiwango cha chini kinachokubalika ni masaa 6 hadi 8. Mtoto mdogo hangoji hivyo; muulize anayepima, maana kwa mtoto wa kunyonya huwa ni masaa machache.

Ramadhani ni mwezi mzuri wa kipimo hiki, na watu hawaujui uzuri huo. Umekula daku saa 10 na nusu alfajiri, ukipimwa saa 7 na nusu mchana umeshatimiza masaa 9. Ultrasaundi ni mafuta ya kupakwa juu ya ngozi, hakuna kinachoingia mwilini. Mwezi huo huo ndio wenye usiku mbaya: mtu amefunga kutwa, kifuko kimejaa, halafu kachori, sambusa na tambi za mafuta zinaingia kwa pamoja. Tunaanza kuwapokea baada ya tarawehe.

Chumbani. Utalala chali, utapakwa mafuta ya baridi, utaambiwa uvute pumzi uishike. Kisha uambiwe ugeuke ubavu wa kushoto. Usiudhike na kugeuzwa: kijiwe hubingirika ukigeuka, na uvimbe ulioota ukutani haubanduki. Kijiwe pia hutupa kivuli cheusi nyuma yake, kama nguzo inavyotupa kivuli chake juani. Mpimaji akikugandamiza mahali na pakauma hasa, mwambie "hapo hapo".

Mambo matano ya kuuliza kabla hujashuka kitandani. Ripoti huandikwa Kiingereza, nawe una haki ya kuambiwa kwa Kiswahili:

1. Kifuko kilikuwa kimejaa au kimesinyaa?
2. Kuna vijiwe? Vingapi, na kikubwa kina milimita ngapi?
3. Ukuta una unene gani? Zaidi ya milimita 3, kwa mtu mwenye njaa, si kawaida.
4. Mrija mkuu wa nyongo una upana gani? Kwa mtu mzima huwa mpaka kama milimita 6, na uzeeni huongezeka kidogo.
5. Ini na kongosho vimeonekana vizuri, au gesi imezuia?

Umefanikiwa kama: ripoti ina namba za milimita. Ripoti ya "kifuko kawaida" bila kueleza kama ulikuwa na njaa ni ya kurudia.

Onyo: ultrasaundi ni hodari sana kwa vijiwe vilivyomo ndani ya kifuko, lakini si hodari hivyo kwa vilivyoshuka kwenye mrija. Macho yakiwa manjano na ultrasaundi haikuona kitu, usikubali kwamba huna kitu.

## Hatua ya 5: Jibu limekuja, ufuate njia ipi

Vijiwe vipo na daftari lako linafanana na la Ijumaa hapo juu. Ugonjwa umepatikana. Matibabu yake ya kudumu ni kukitoa kifuko kwa upasuaji. Nenda hatua ya 6.

Vijiwe vipo, lakini huumwi. Vimeonekana kwa bahati, pengine ulikwenda kupima mimba. Wengi wa watu hawa hawapasuliwi kabisa, hufuatiliwa. Mwenye sikoseli, mwenye kinundu cha milimita 10 au zaidi ukutani, au mwenye kifuko kilichogeuka chokaa, hao wana mazungumzo yao na daktari wa upasuaji.

Vijiwe na umanjano, au mrija umepanuka. Kijiwe kimeshuka. Hapa kinatakiwa kipimo cha mrija kwa MRI, au mpira wa kamera unaopitishwa mdomoni mpaka kwenye mlango wa mrija na kukivuta kijiwe. Hili huhitaji rufaa, na lisingoje mwezi.

Hakuna kijiwe, maumivu yapo. Ndipo yanapoanza magonjwa adimu, na ndipo watu wanapokata tamaa. Kwanza hakikisha yale ya kawaida yametolewa kwa karatasi: vidonda, moyo, ini, nimonia ya chini ya pafu la kulia, jipu la ini kwa mwenye homa. Yakishatoka yote, muulize daktari kuhusu haya:

Minyoo ya mviringo. Mnyoo mmoja mtu mzima anaweza kufika urefu wa sentimita 30, naye hupenda kupenya matundu. Akiingia mrija wa nyongo, maumivu ni ya kumrusha mtu kitandani. Kwenye ultrasaundi huonekana kama kamba yenye mistari miwili, na mara nyingine huonekana akijinyonganyonga. Mara nyingi dawa ya minyoo na ya kutuliza misuli hutosha, mnyoo akatoka mwenyewe. Asipotoka, huvutwa kwa kamera. Ukiwa umetapika au umetoa mnyoo karibuni, sema, hata kama unaona haya.

Mrija uliovimba kama puto tangu kuzaliwa. Huonekana zaidi kwa wasichana, na wengi hugunduliwa utotoni: maumivu, umanjano unaokuja na kuondoka, pengine uvimbe unaoshikika. Huu hukatwa na kutolewa, kwa kuwa ukiachwa miaka unaweza kugeuka saratani.

Saratani ya kifuko. Ni adimu, lakini mtu mzima aliyekonda bila kukusudia, mwenye umanjano unaozidi polepole na ukuta wa kifuko ulionenepa upande mmoja, afanyiwe skani ya CT bila kuzungushwa.

Na kifuko kinachokaza vibaya bila kijiwe chochote. Ugonjwa huu hugundulika mwisho, baada ya mengine yote kutolewa.

Kama shida yako ni chakula na maji kukwama kifuani, hiyo si nyongo. Omba kamera ya koo na tumbo.

## Hatua ya 6: Matibabu, na yale yasiyo matibabu

Wakati unangoja upasuaji, punguza mafuta: samaki wa kuchoma au wa kuchemsha badala ya wa kukaanga, mchuzi wa tui jepesi badala ya tui zito. Kula kidogo kidogo. Usijinyime mpaka ukakonda ghafla. Kukonda kwa haraka kunazidisha vijiwe.

Maumivu yakija, diklofenaki hutuliza vizuri, lakini haifai kwa mwenye vidonda, mwenye maradhi ya figo wala mjamzito. Kwa hiyo iandikwe na daktari. Usiazime kwa jirani.

Kuna vidonge vya kuyeyusha vijiwe. Vinafaa kwa vijiwe vidogo vya kolesteroli tu, ndani ya kifuko kinachofanya kazi, humezwa miezi mingi, na baada ya kuviacha vijiwe hurudi kwa watu wengi. Kwa vijiwe vyeusi vya sikoseli havifanyi kitu.

Sasa mafuta ya zeituni na ndimu. Bwana mmoja alikuja kwetu na chupa ya jamu iliyojaa vipande vya kijani, kama hamsini, laini kama sabuni. Alikunywa mafuta na maji ya ndimu usiku, asubuhi akavitoa kwenye choo, na alitaka tumwandikie kwamba amepona. Aliiweka chupa dirishani, penye jua, akikaa foleni. Zamu yake ilipofika, vilikuwa vimeyeyuka vikawa ute wa mafuta. Kijiwe cha nyongo hakiyeyuki kwa jua la dirishani. Vile ni mafuta yenyewe yaliyogandishwa tumboni yakawa sabuni. Tulimpima: vijiwe vyake vilikuwa pale pale. Na mafuta mengi vile ndiyo hasa yanayokikaza kifuko, kikaweza kukisukuma kijiwe kwenye mrija.

Upasuaji wenyewe siku hizi hufanywa kwa matundu madogo manne hivi, penye vifaa; pasipo vifaa hufanywa kwa mkato chini ya mbavu. Yote mawili ni sahihi. Kifuko kikiwa kimevimba kwa uambukizo, kukitoa mapema, ndani ya siku chache za mwanzo, kwa kawaida ni bora kuliko kungoja wiki sita. Mjamzito anayelazimika kupasuliwa, miezi mitatu ya katikati ndiyo salama zaidi.

"Nitaishije bila nyongo?" Nyongo utakuwa nayo. Kinachotolewa ni ghala; kiwanda ni ini, nalo linabaki. Nyongo itateremka moja kwa moja. Baadhi ya watu huharisha kidogo kwa wiki kadhaa, kisha huzoea.

## Hatua ya 7: Rufaa na bahari

Kutoka Pemba rufaa nyingi huelekea Mnazi Mmoja, Unguja, na kwa mambo ya mrija mara nyingi Muhimbili, Dar es Salaam. Kabla hujakata tiketi ya boti, hakikisha barua ya rufaa ina jina la kliniki na siku yake. Nimeona watu wakifika Jumatatu kwa kliniki ya Alhamisi, wamelala kwa shemeji siku tatu.

Piga picha kila karatasi kwa simu na umtumie mtu wa nyumbani. Karatasi zenyewe zifungwe kwenye mfuko, zikae kifuani, zisiingie kwenye begi la chini. Kichefuchefu cha boti na cha ugonjwa vinafanana, kwa hiyo andika maumivu kabla ya kupanda. Mwenye homa na umanjano asisafiri kama abiria wa kawaida. Alazwe kwanza aanziwe antibayotiki ya mshipa, na hospitali ipange usafiri.

## Hatua ya 8: Siku ya kutoka hospitali

Omba vitu vitatu: karatasi ya upasuaji, inayoeleza kilichoonekana na kilichotolewa, tarehe ya kurudi, na uthibitisho kwamba kifuko kimepelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Hiki cha tatu ndicho kinachosahauliwa, na ndicho kinachogundua saratani ndogo ambayo macho hayakuiona. Vijiwe ukipewa kwenye kichupa, chukua ukawaonyeshe nyumbani ukitaka. Kifuko kisipewe mtu, kiende maabara.

Rudi haraka ukiona macho manjano, homa, tumbo kuvimba, au majimaji ya kijani yakitoka kwenye kidonda. Maumivu kidogo ya bega siku mbili tatu baada ya upasuaji wa matundu ni gesi iliyotumiwa kuinua tumbo, yatakwisha.

Jibu la maabara likichelewa zaidi ya mwezi, mtume mtu aliulizie dirishani kwa jina lako na tarehe ya upasuaji, akiwa na nakala ya ile karatasi.